Kipindi Chako cha Majaribio Kimekwisha

Jumatatu, 4 Machi 2024

Kwa Mwalimu, mwenye shule ya udereva,

Salamu sina, kwa hiyo sikupi.

Ujumbe wako nimeuona. Nilifika asubuhi kama kawaida yangu, nikafungua madirisha, nikafuta vumbi lile gurudumu la kufundishia ulilolipachika ukutani, nikawasha kompyuta ili nichape fomu za wanafunzi wa mtihani wa udereva. Kioo chote kikawa cheusi, na katikati maneno meupe: "Kipindi chako cha majaribio kimekwisha. Wasiliana na msimamizi wako." Basi. Hata asante ya kazi hakuna.

Niwasiliane na msimamizi wangu! Msimamizi wangu si wewe? Si ulikuwa nyuma ya pazia unakunywa chai, nakusikia unavyoivuta kwa kelele? Hatua tano ulishindwa kuzitembea uje uniambie kwa mdomo wako. Mdomo wenyewe unao wa kuwafokea wanafunzi tu.

Mimi niko kwako tangu Januari ya mwaka jana. Uliniahidi miezi mitatu ya majaribio, kisha barua ya ajira ya kudumu. Mitatu ikaisha, ukasema tuongeze kidogo. Ikaisha tena, ukasema tuongeze kidogo, na mimi naitikia "sawa, Mwalimu" kama kasuku. Unajua fika kwamba nimepata chumba, cha kwanza maishani mwangu kitakachokuwa changu peke yangu, na mwenye nyumba hataki kitu ila barua ya ajira. Amesema atanishikia mpaka mwisho wa mwezi. Nilikuomba barua hiyo mbele ya mkeo. Ukaangalia saa.

Sasa kwa kuwa sina tena cha kupoteza, nikupe vidonge vyako. Wanafunzi wako wanakuita Breki, kwa sababu mguu wako haubanduki kwenye breki ya mwalimu hata gari likiwa limezimwa. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikikutetea. Nimeacha.

Namba yako nimeifunga, usihangaike kupiga. Nimekwenda kwa dada yangu. Ukiwa na neno, anwani ya shemeji iko nyuma ya bahasha.

Aliyekuwa karani wako


Jumamosi, 9 Machi 2024

Binti,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana ningekaa ningevunja kiti. Nimeirudia mara mbili na bado sijaelewa nusu yake. Nani kakufukuza? Mimi niliinua macho kutoka kwenye chai yangu nikaona mlango u wazi na mkoba wako haupo. Nikadhani umekwenda msalani. Nikangoja. Adhuhuri nikamtuma mke wangu akagonge huko, akakuta hakuna mtu, akarudi ananitazama kama mimi ndiye niliyekuficha.

Kioo gani nimekuandikia? Kioo ninachokijua mimi ni cha gari, na nilichokiandika pale ni "MWANAFUNZI" kwa rangi nyekundu ili watu watukwepe. Kama umechoka kazi, sema umechoka. Usinisingizie. Vijana wa siku hizi mkiambiwa subirini kidogo mnaona mmeonewa. Na hiyo Breki nitaishughulikia kwa wakati wake.

Sasa nisikilize, kuna jambo zito kuliko kiburi chako. Kompyuta imenigeuka. Nilipoikalia mwenyewe nikaona imeandika: "Leseni yako imekwisha muda." Nikacheka. Mimi, niliyewapa barabara nusu ya madereva wa mji huu, mashine iniulize leseni? Lakini nikaitoa mfukoni, nikaitazama tu hivi, kwa dharau. Binti, ilikuwa imekwisha kweli! Tangu mwaka jana! Nimekuwa nafundisha watu na leseni iliyooza. Hili ukilitoa nje tutakosana mimi na wewe mpaka kiama.

Sijui mashine ilijuaje. Siku hiyo hiyo nilikwenda kuihuisha, nikarudi na leseni mpya, nikaiingiza namba yake kwenye kile kisanduku. Ikakataa. Nikaisogeza mbele ya ile kamera ndogo, upande wa picha. Ikaniambia: "Ufunguo huu si sahihi." Hapo ndipo nilipojua kwamba umeondoka na ufunguo. Nimepindua droo zote. Nimeleta funguo za kabati na za magari yote mawili, lakini kwenye lile sanduku la kompyuta hakuna tundu linalolingana nazo, ila moja dogo la spika.

Tena imeandika juu kabisa mambo ya kipindi cha majaribio kwisha na kuwasiliana na msimamizi. Hayo nimeyapita. Majaribio ya udereva bado hayajafika, na msimamizi wa hapa ni mimi, niwasiliane na nani? Kila baada ya saa moja inajizima yenyewe, kama gari lenye plagi mbovu, na majina yote ya wanafunzi yamo humo tumboni.

Rudisha ufunguo. Mimi sikukuibia kitu.

Mwalimu


Alhamisi, 14 Machi 2024

Mwalimu,

Nimecheka mpaka dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona kama nina akili zangu. Nikamsomea. Naye akacheka. Shemeji aliporudi kazini tukamsomea tena, na yeye sasa kila akiona kamera ya simu yake anatoa kitambulisho anakionyesha.

Ulitaka siri ya leseni yako. Samahani, nimechelewa.

Sasa nikufundishe, na mimi nitafundisha bila kufoka, uone inavyofanywa. Leseni inayotajwa si yako ya udereva. Ni leseni ya mfumo wenyewe, ule unaoendesha kompyuta. Hiyo yako ya mfukoni imekutwa imeoza kwa bahati tu, na mashine haina habari na wewe wala picha yako. Ufunguo si wa chuma. Ni msururu wa herufi na tarakimu anaopewa mtu aliyenunua mfumo kihalali, na wewe hukununua. Yule fundi wako, Dakika Mbili, alikuwekea toleo la majaribio, kama gari mtu analopewa alizungushe kidogo kabla ya kununua. Wewe umelizungusha mpaka tairi zimebaki nyuzi, sasa mwenyewe anataka gari lake. Wala usiseme toleo hilo limeandika kwa lugha ngumu. Ni wewe uliyemlazimisha fundi aliweke Kiswahili, ukasema hutaki kutukanwa na mashine kwa lugha usiyoijua.

Kwa hiyo sikuiba ufunguo. Hakukuwa na ufunguo. Naomba uyameze hayo maneno bila maji.

Kuhusu yale maandishi ya juu kabisa, ya kipindi na msimamizi, ulifanya vizuri kuyapita. Hayana maana yoyote. Hata usiyarudie kuyasoma. Na ile barua yangu ya kwanza ichome, niliiandika nikiwa na homa.

Kurudi, sirudi. Sababu ni zilezile, na hazihusiani na kompyuta hata kidogo.

Mwenye homa, sasa amepona


Jumatano, 20 Machi 2024

Binti wa homa,

Barua sikuichoma. Mtu akiniambia nichome kitu, mimi hukisoma vizuri zaidi.

Dakika Mbili alikuja. Alikaa tangu asubuhi mpaka jioni, akala chakula changu, halafu akanipa dawa. Amesema mfumo unahesabu siku, basi tuudanganye siku. Amekwenda kwenye saa ya kompyuta, akarudisha tarehe nyuma miaka, mpaka 2021. Mashine ikazinduka kama mtu aliyemwagiwa maji! Weusi ukaondoka, haijizimi, haidai leseni wala ufunguo. Unaona? Wewe na mafunzo yako marefu. Amenikumbusha pia kwamba siyo mara ya kwanza kuniokoa. Kipindi cha mfumo kilipokwisha huko nyuma aliniongezea, kikaisha tena akaniongezea, na mimi nilikuwa nimeshasahau.

Kabla hajaigusa, nilimwambia anisomee maneno yote ya kwenye kioo, la juu mpaka la chini. Akasoma: "Kipindi chako cha majaribio kimekwisha. Wasiliana na msimamizi wako." Nikamwambia ngoja. Nikaitoa barua yako ya kwanza kutoka kwenye boneti ya gari, maana ndiko ninakoweka vitu vya maana. Nikalinganisha neno kwa neno.

Umefukuzwa na kompyuta!

Nimecheka mpaka Dakika Mbili akaniletea maji. Mimi nilionyesha mashine leseni yangu, haya, nimekubali, mimi ni mtu wa magari. Lakini wewe? Wewe mjuzi wa mifumo, wa matoleo, wa misururu ya tarakimu? Ulichukua mkoba, ukafunga virago, ukavuka mji mzima mpaka kwa dada yako, kwa kuwa bati lenye waya limekwambia nenda. Wala hukuja kuuliza. Pazia halina kufuli. Kisha ukagundua, ukajitia hamnazo, ukavaa miwani ya mbao, ukanifundisha mimi ukurasa mzima ili nisitazame juu ya kioo. "Hata usiyarudie kuyasoma." Nyoo!

Basi mimi sina kinyongo. Rudi, nimekusamehe. Mtihani wa udereva ni Jumanne na fomu ninazichapa mwenyewe kwa kidole kimoja. Kipindi chako cha majaribio nitakiongeza kidogo, mpaka nione hizo tabia za kukimbia zimetulia.

Nataka pia majina ya wanaoniita Breki.

Mwalimu


Jumapili, 24 Machi 2024

Mwalimu,

Haya. Nilisoma maneno ya mashine nikadhani ni yako. Umefurahi? Cheka tena, nakungoja umalize.

Umesema sikuja kuuliza. Nitakujibu, maana huwezi kulijua hilo kwa akili yako mwenyewe. Sikuuliza kwa kuwa sikushangaa. Maneno yale nilikuwa nayangoja kila asubuhi nikigusa kitasa cha mlango wako. Nilikuwa nikifuta ile meza huku nikijiuliza kama kesho nitaifuta. Siku ukinijibu kwa mkato nilikuwa silali. Siku ukicheka nilijiambia labda leo ataandika. Kwa hiyo yalipotokea kwenye kioo sikutazama ni nani kayaandika. Yalikuwa yanafanana na wewe kupita kiasi. Hata lile la kuniambia niwasiliane na wewe huku umekaa palepale, nilisema ndiye huyu, ndiyo staili yake.

Ni kweli nilikimbia. Nimeumia, na sioni haya kukwambia nimeumia.

Na ajabu yenyewe ni kwamba mashine ina heshima kuliko wewe. Muda wake ulipokwisha ilisema umekwisha, tena kwa maandishi. Wewe umetufanyia mamoja mimi na mashine, kuongeza, kuongeza, kutumia bure bila kukata kauli. Yeye amegoma. Mimi nilisema sawa, Mwalimu.

Sasa huyo fundi wako anakuchezea shere. Tarehe ya uongo itashika siku chache tu, halafu weusi utarudi. Usije ukahangaika tena kutafuta ufunguo wa kuuingiza, maana toleo la majaribio halipokei ufunguo wowote. Hakuna namna ya kulibadilisha likawa la kudumu hivi hivi. Unatoa majina ya wanafunzi unayahifadhi pembeni, unafuta kila kitu, unaweka mfumo kamili ulionunuliwa. Hiyo ndiyo dawa. Na fomu ulizochapa na hiyo tarehe usizipeleke kwenye mtihani. Watahini wana macho.

Nalala kwenye kochi la dada. Shemeji yangu ni mtu mwema. Asubuhi anatembea kwa ncha za vidole asiniamshe, anabeba viatu mkononi, na hiyo huruma yake inanichoma kuliko matusi yako yote. Mwisho wa mwezi ni wiki hii. Chumba changu kitachukuliwa na mtu mwingine, mtu aliyepata mwajiri anayejua kuandika sentensi mbili.

Sirudi kuongezewa. Nipe barua ya ajira ya kudumu, au tuachane.

Asiye kwenye majaribio ya mtu


Jumanne, 26 Machi 2024

Binti,

Barua yako imefika wanafunzi wakiwa tayari kwenye uwanja wa mtihani, na fomu mikononi mwao. Kwa hiyo usiniambie ulinionya.

Mtahini alichukua fomu ya kwanza, akaiinua juani, akaniita mbele ya watu wote. Akaniuliza: "Mwalimu, huyu kijana umemfundisha gari mwaka 2021? Mwaka huo alikuwa na miaka mingapi, na miguu yake ilikuwa inafika kwenye klachi?" Watu wakaangua kicheko. Fomu zote zikakataliwa, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Wanafunzi wamerudishwa bila kugusa usukani. Mwanafunzi mmoja, mama muuza vitambaa ambaye huwa hainui sauti, amenitazama usoni akaniita Breki. Kisha wakaniita wote. Siyahitaji tena yale majina.

Nimerudi ofisini nikakuta mashine bado inaamini iko mwaka 2021, imetulia, haina wasiwasi. Nimemwita Dakika Mbili nikamwambia Ijumaa alete mfumo kamili wenye ufunguo wake, na akithubutu kugusa saa nitamtembeza kwa miguu kutoka hapa mpaka kwao.

Barua yako ya ajira ni hii, nimeifunga humu ndani. Nimeichapa mwenyewe sasa hivi kwenye ile karatasi yenye nembo uliyonitengenezea, ile inayojijazia yenyewe juu na chini, mimi naandika katikati tu. Ndiyo kazi ya mwisho ya mashine hii kabla haijafutwa. Imenichukua muda mrefu kuliko kumfundisha mtu kurudi nyuma kwa kioo. Mke wangu amesimama mlangoni muda wote kuhakikisha siinuki.

Usidhani nimelainika. Nina wanafunzi wenye hasira barazani na sijui fomu zinaanzia wapi. Lile ulilosema la kitasa cha mlango nimelisoma.

Mwalimu

[Ndani ya bahasha]

SHULE YA UDEREVA
Tarehe: 3 Mei 2021

Kwa Karani wa Ofisi

YAH: AJIRA YA KUDUMU

Unaarifiwa kwamba shule hii imekuajiri kuwa karani wake wa kudumu kuanzia tarehe ya barua hii. Kipindi cha majaribio hakitahitajika.

Mwalimu na mwenye shule
(sahihi na mhuri)


Ijumaa, 29 Machi 2024

Mwalimu,

Imefika. Niliifungulia mlangoni, sikungoja kuingia ndani. Nilisoma neno "kudumu" nikalia, nikalia kwa sauti, dada akaja mbio akidhani kuna msiba. Akaniuliza nani amekufa. Nikampa karatasi. Naye akasoma, akanikumbatia, halafu akairudia kuanzia juu, akasema: "Mbona tarehe hii?"

Umeisoma barua yako kabla ya kuipiga mhuri? Najua hukuisoma. Mtu aliyeaibishwa na mwaka 2021 asubuhi akaurudia mchana huohuo kwa mkono wake mwenyewe, huyo ni wewe tu, Mwalimu. Ulimwengu mzima sitampata mwingine.

Mei 2021 nilikuwa bado nimevaa sare ya shule. Sikuwa najua ofisi yako iko upande gani wa barabara. Lakini hapa imeandikwa, na sahihi ni ile yako nene, na mhuri umeukandamiza mpaka karatasi imeacha alama upande wa pili: karani wa kudumu kuanzia tarehe ya barua hii, majaribio hayatahitajika. Maana yake siku ile ya kwanza nilipokaa kwenye kiti chako roho mkononi, ukaniambia miezi mitatu halafu tutaona, ulikuwa unamwambia mfanyakazi wako wa kudumu. Mara zote ulizoniongezea, ulikuwa unaongeza kitu ambacho hakipo. Asubuhi zote zile niliogopa bure.

Utataka nikuletee uisahihishe. Sikuletei. Ukiniandikia nyingine nitaipokea kwa adabu zote na kuifanyia kifuniko cha sufuria. Hii ninaiweka. Kila nikiisoma ile miezi inafutika kidogo, na uliniibia miezi mingi.

Mwenye nyumba nimempigia nikamsomea yote, pamoja na tarehe. Akasema: "Alaa, kumbe umekaa kazini muda wote huo, na ulikuwa unanibembeleza kama mtu mgeni!" Sikumrekebisha. Chumba ni changu.

Nitafika Jumanne. Sitakaa meza ya mlangoni, kwenye upepo na vumbi. Nitakaa ya ndani. Lile pazia liondolewe.

Karani


[Kikaratasi juu ya meza ya ndani]

Jumanne, 2 Aprili 2024

Binti,

Nimetoka na mwanafunzi, tutarudi saa nne. Mfumo mpya umewekwa, haudai chochote, na majina ya wanafunzi yapo yote. Wenyewe wako barazani wamenuna. Fomu zao zianze upya, moja moja, na tarehe ziwe za leo.

Barua yako ya ajira niliwaza kuisahihisha. Nilikuwa nimeshachapa nyingine. Mke wangu akaniuliza ninachokisahihisha ni mwaka au ni roho yangu. Hiyo mpya nimeichana.

Yako ndiyo yenye tarehe sahihi. Siku ile uliyoingia na viatu vya kuazima, nilipaswa kuwa nimekwisha kuiandika.

Mwalimu